Mtoto Asiyejibu Akiitwa



Katika Kitabu cha Sala cha zamani, Injili ya Jumapili ya kumi na mbili baada ya Utatu ni ile ya Marko sura ya 7, mstari wa 31 hadi 37. Wengi wetu tumeisikia ikisomwa tangu utoto. Watu wa nchi ya Dekapoli walimletea Bwana Yesu mtu asiyesikia, ambaye kusema pia kulimshinda, wakaomba amguse. Tumezoea kukimbilia mwisho wa habari hiyo, pale mtu yule alipoanza kusema vizuri na watu wakastaajabu. Leo naomba twende polepole, tuangalie Bwana alivyofanya kabla ya hapo.

Kwanza alimtoa katikati ya watu. Hakumsimamisha mbele ya umati ili kila mmoja amtazame. Alikwenda naye kando, wawili peke yao, mahali pasipo na kelele. Pili, hakuanza kwa kusema. Mtu yule alikuwa hasikii, maneno yangemfaa nini? Alimgusa masikio, akamgusa ulimi, akainua macho juu. Yaani alimweleza kwa mikono na kwa macho jambo atakalomtendea, ili aelewe. Na alipokuja kusema, alisema neno moja tu, nalo Marko, ingawa aliandika kwa Kigiriki, ameliacha katika Kiaramu, lugha ya nyumbani.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi tangu nilipotoka chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu, na tulifundishwa chuoni namna nyingi za kuanza somo. Sikufundishwa hata moja iliyo bora kuliko hiyo. Nataka tuitumie kwa ajili ya watoto wa namna fulani walio hapa kwetu Hirbadaw, na kwa ajili ya mama zao, ambao baadhi yao hatuwaoni tena kanisani.

Nawasema watoto wenye usonji. Neno hili ni geni kwa wengi, lakini watoto wenyewe si wageni. Ni yule mtoto ambaye amefikisha mwaka mmoja na zaidi, unamwita jina lake hageuki, ila akisikia mtu anamenya muwa nyuma ya nyumba huja mbio. Haonyeshi kitu kwa kidole ili nawe ukitazame. Hupanga mawe au vizibo vya chupa mstari mmoja kutwa nzima, na ukisogeza kimoja analia kana kwamba umemchoma moto. Mwingine alianza kusema maneno machache, kisha yakapotea. Mwingine hurudia uliyomwambia: ukimwuliza, "Unataka uji?" naye anasema, "Unataka uji?" Watu hucheka, lakini sikilizeni vizuri. Huyo anaomba uji. Ameshika maneno yanayokuja pamoja na uji, naye anayatumia. Na wako wenye usonji wanaosema sana, wanaojua majina ya mabasi yote yanayopita Katesh na saa zake, ila hawajui jinsi ya kucheza na wenzao. Hawafanani wote, kama sisi tusivyofanana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Fanyeni hesabu wenyewe. Katika shule ya watoto 600 wangekuwa wanne au watano. Kama hatuwaoni darasani, basi tujiulize wako wapi.

Hapa hatuna budi kusema juu ya lawama, maana ndiyo inayowaficha. Mtoto akionekana hivi, swali la kwanza katika nyumba nyingi ni lile la wanafunzi katika Yohana sura ya 9: nani amekosa, yeye au wazazi wake? Ukoo wa baba hutazama ukoo wa mama. Mama huambiwa ati alikula kitu, alivuka mahali, alimdharau mzee fulani. Wababa wengine huondoka, wakamwachia mama mzigo na aibu pamoja. Wazee wetu wa Kiiraqw walikuwa na desturi ya metimani, ambayo kwayo mtu au nyumba iliyohesabiwa kuwa na unajisi ilitengwa na majirani kwa muda. Sitaki kuwahukumu wazee. Walikuwa na hofu zao na sababu zao. Lakini metimani ilikuwa na mwisho wake. Siku zilitimia, mtu akarudi kwa watu. Mama wa mtoto mwenye usonji tunamtenga bila kutangaza, na hatumwambii siku zake zinaisha lini.

Wala tusidhani kwamba wasomi wa Ulaya na Marekani walikuwa na huruma zaidi. Daktari Leo Kanner wa Baltimore aliandika mwaka 1943 habari za watoto 11 wa namna hii, na baada yake, kwa miaka mingi, wataalamu wakubwa walifundisha kwamba usonji unaletwa na mama mwenye moyo baridi asiyempenda mwanawe. Fikirini wanawake wangapi walilia kwa uongo huo! Mwaka 1964 mtaalamu mmoja, Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu kuonyesha kwamba asili yake imo katika ubongo, wala siyo katika malezi. Kisha mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, akadai kwamba chanjo ya surua ndiyo yenye hatia. Alikuwa ametazama watoto 12 tu. Gazeti la kitabibu lililochapisha habari hiyo liliifuta mwaka 2010, naye akafutwa katika orodha ya madaktari. Basi msiache kuwachanja watoto kwa sababu hiyo. Surua twaijua, na makaburi yake twayajua.

Mambo yanayojulikana leo ni haya: ubongo wa mtoto huyu ulianza kukua kwa namna yake kabla hajazaliwa, na sehemu kubwa ya jambo hili hurithiwa, kama kimo na rangi ya macho. Hakuna aliyemroga. Mama hakukosa. Wala si kwa sababu nyumbani husikia Kiiraqw, kwa jirani Kidatooga na shuleni Kiswahili. Watoto wote wa hapa husikia lugha hizo, na wengi huzisema zote. Wala hakuna dawa ya kuuondoa usonji, ya hospitali au ya mitishamba. Anayekuuzia dawa hiyo anachukua mbuzi wako bure.

Lakini najua mtu atasimama aseme, Mwalimu, mbona Bwana alimponya yule mtu? Ndiyo, alimponya, nami naamini. Nasi tuwaombee watoto wetu kila siku, kama tunavyowaombea wote. Ninalolikataa ni lile la kumpeleka mtoto ambaye masikio yake huumia kwa kelele, akaombewe usiku kucha katikati ya ngoma na vipaza sauti, watu ishirini wamemshika, ati atoke pepo. Bwana Yesu alifanya kinyume chake kabisa. Alimtoa penye kelele. Kuna kutenga kwa namna mbili, ndugu zangu: kumtenga mtu ili usimwone, na kumtoa kando ili umwone vizuri. Na jambo baya zaidi ni kumwachisha mtoto dawa za kifafa kwa neno la mwombeaji. Baadhi ya watoto wenye usonji wana kifafa pia. Kifafa kina dawa, nazo hazikatizwi ghafla, maana mtoto anaweza kufa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, imewahudumia wagonjwa wa kifafa kwa miaka mingi. Mtoto akikakamaa au akizimika macho mara kwa mara, peleka huko bila kungoja.

Huko huko hospitali mwombe mganga ampime masikio kwanza. Mtoto asiyesikia na mtoto mwenye usonji huweza kufanana sana wakiwa wadogo, na itakuwa huzuni kumhesabu mmoja kuwa mwingine.

Sasa niseme na wazazi juu ya kazi ya nyumbani. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa namna hii, vikao tisa vya pamoja na kutembelewa nyumbani mara tatu, nayo yamejaribiwa kwa jirani zetu Kenya na Ethiopia. Walioyaandaa walikusudia yafundishwe hata na watu wasio wataalamu wakubwa, kwa maana walijua kwamba vijijini wataalamu hawapo. Mengi yaliyomo twaweza kuyafanya jikoni.

Inama, au keti chini, uso wako uwe usawa wa uso wake, bila kumlazimisha akutazame machoni. Tazama anachokipenda, nawe ukipende. Akipanga mawe, keti, mpe jiwe moja moja. Umeingia katika mchezo wake, na hapo ndipo mazungumzo huanza, hata kama hakuna neno. Sema maneno machache: "Maji." "Kaa." "Njoo ule." Ukiisha kusema, ngoja. Sisi watu wazima hatujui kungoja, twauliza, na kabla mtoto hajafungua kinywa tumeuliza tena kwa sauti kubwa. Hesabu moyoni mpaka kumi. Tena tumia lugha ile ambayo wewe mwenyewe unaipenda na kuijua. Mama Mwiraqw aseme Kiiraqw.

Asiyeelewa maneno huelewa vitu. Piga misumari mitatu ukutani. Juu yake tundika vitu vya siku hiyo kwa utaratibu: kata ya maji kwa kuoga, bakuli kwa kula, kandambili kwa kutoka. Jambo likiisha, yeye mwenyewe aondoe kitu chake. Baada ya majuma kadhaa atajua kinachofuata, na vilio vingi vitapungua, kwa sababu vilio hivyo mara nyingi ni hofu ya kutojua kinachokuja. Baadaye picha zilizochorwa kwenye kipande cha boksi zaweza kuchukua mahali pa vitu. Huko Marekani tangu mwaka 1985 walimu wamefundisha watoto wasiosema kutoa picha mkononi mwa mtu ili wapewe wanachotaka: mtoto anakupa picha ya ndizi, unampa ndizi papo hapo. Wazazi wengine huogopa kwamba akizoea picha hatasema kamwe. La, picha hazizuii kusema. Wako ambao husaidiwa nazo kuanza.

Kazi ndefu igawe vipande. Kunawa mikono ni kazi saba au nane kwa mtoto huyu. Zifanye zote pamoja naye, ukimwachia ile ya mwisho tu, kukausha mikono. Akiiweza, mwachie na ile iliyo kabla yake, na kadhalika kurudi nyuma. Hivyo kila siku anamaliza kwa kushinda.

Siku atakapolipuka, akajitupa chini na kujipiga kichwa, usimpige. Hiyo si jeuri, yamemzidi. Ondoa watu, ondoa kelele, weka nguo laini chini ya kichwa, nyamaza, ngoja. Baadaye jiulize nini kilitangulia: jua kali, njaa, jino, mgeni, redio.

Na juu ya maji nawasihi sana. Wengi wa watoto hawa hutoroka kimya kimya, na wengi hupenda maji mno. Malambo yetu ya kunyweshea ng'ombe hayana uzio. Mwambie balozi, waambie majirani, na hasa waambie vijana wachungaji, maana wao ndio walioko lamboni kutwa: mkimwona mtoto huyu peke yake, mshikeni mkono mlete nyumbani, msimngoje ajibu jina lake. Na akipotea, mahali pa kwanza pa kukimbilia ni kwenye maji.

Ndugu walimu wenzangu, najua hali zenu. Mna watoto sabini, themanini, katika chumba kimoja, nami nikiwaambia mambo ya wataalamu mtanicheka. Basi nasema mambo yasiyodai fedha. Mketishe karibu na ukuta, mbali na dirisha na mlango, mahali pale pale kila siku. Kabla hujapiga kile chuma cha gurudumu kilichotundikwa mtini, mwambie, au mpe yeye akipige, maana kelele anayoitoa mwenyewe haimtishi kama ile inayomjia ghafla. Mpe rafiki mmoja mwema, siyo darasa zima. Angalieni pia maneno yenu. Mtoto huyu huyashika maneno kama yalivyo. Ukimwambia "piga mstari" aweza kuupiga kwa kiganja, naye amekutii kweli kweli. Niliwahi kuona mtoto aliyeambiwa afungue masikio, akayavuta kwa vidole mpaka yakawa mekundu. Mwalimu wake alitaka kumchapa kwa utundu, wakati yeye alikuwa ndiye mtiifu kuliko wote chumbani. Mwambie "chora mstari hapa", naye atachora, tena umenyooka kuliko wako.

Wala msikubali kuambiwa kwamba mtoto huyu si wa shule. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake. Halmashauri ina afisa anayeshughulikia elimu maalumu, na ina afisa ustawi wa jamii. Mzazi aende kwao, ikiwezekana pamoja na mwalimu mkuu, akiwa na barua, maana maneno ya mdomo husahaulika. Mwalimu kijana anayetaka kujiendeleza akikumbuke Chuo cha Patandi kule Arusha, ambacho kazi yake ni kufundisha walimu wa elimu maalumu. Dar es Salaam, katika shule ya Msimbazi Mseto, kiko kitengo cha watoto wenye usonji. Ni mbali, sisemi watoto wapelekwe huko. Nasema tu kwamba ni shule ya msingi ya serikali kama zetu, na jambo limewezekana. Hospitali ya KCMC, Moshi, wako wataalamu wanaofundisha watoto kazi za kila siku, kula, kuvaa, kushika kalamu. Mzazi akipata nauli hata mara moja, arudi na mazoezi aliyoonyeshwa, ayafanye mwaka mzima.

Limebaki jambo la kanisa, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Yuko mama mmoja, sitamtaja, aliyeacha kuja ibada kwa sababu katikati ya Sala ya Kuwekwa Wakfu mwanawe alipiga kelele, na watu watatu wakageuka kumtazama. Hawakusema neno. Walitazama tu, naye akaelewa. Sasa yuko nyumbani kila Jumapili, na mtoto amefungiwa. Mtoto huyo tulimbatiza wenyewe. Siku ile hakujibu swali hata moja. Wasimamizi wake walijibu badala yake, nasi sote tukakubali kwamba Mungu amemtwaa awe wake. Kama kutojibu hakukumzuia alipokuwa mchanga, kwa nini kumzuie akiwa na miaka tisa? Wale wasimamizi wako hapa parishini. Kazi yao haikuisha siku ya ubatizo, maana kama aliwahi kuwa na haja ya mtu wa kumsemea, ni sasa.

Iko pia habari ya Kipaimara. Wengine wanasema mtoto asiyeweza kukariri Imani ya Mitume na Katekisimo asiletwe mbele ya Askofu. Naiheshimu kanuni, nimefundisha Katekisimo kwa miaka mingi. Lakini yule mtu wa Dekapoli hakuulizwa swali lolote, na waliomleta hawakuulizwa kwa nini yeye mwenyewe hasemi. Mtoto anayenyamaza mwenyewe mkate unapoinuliwa, anayejua kwamba hapa pana jambo, amejibu kwa njia yake. Nimezungumza na Kasisi wetu, naye amekubali kumwandikia Askofu juu ya watoto hawa, mmoja mmoja kwa jina. Wazazi wamwone baada ya ibada, au mimi.

Wazee wa kanisa wamekubali benchi la mwisho karibu na mlango wa pembeni liachwe kwa mama wenye watoto hawa, waweze kutoka na kuingia bila kupita mbele ya watu. Mtoto akitembea wakati wa mahubiri, atembee. Akina mama wawili wa Umoja wa Mama wamejitolea kwenda kwa yule mama Jumamosi, siyo kumshauri, ila kukaa na mtoto ili yeye apate kwenda sokoni. Na mwalimu wa shule ya Jumapili anaandaa picha za ibada: kengele, wimbo, Biblia, sadaka, mkate, nyumbani. Mwenye boksi tupu la sabuni au la biskuti alilete. Mikasi ipo, gundi ndiyo imekwisha.